Sumaku Haijui Fedha

"Muuzaji ametuma video. Kaisogeza sumaku, haikushika. Nipandishe dau?"

Swali ni hilohilo, sarafu ndizo hubadilika. Leo ni reale ya Maria Theresa, kesho rupia ya Mjerumani, keshokutwa riyali ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya 1882, ambayo siku zote inauzwa na mtu aliyeikuta kwenye sanduku la marehemu bibi yake. Mnada unafungwa usiku huohuo, picha zina ukungu, na mimi natakiwa nijibu ndiyo. Jibu langu ni kwamba video hiyo haijakwambia kitu.

Sumaku inajua chuma, nikeli na kobalti, pamoja na baadhi ya michanganyiko yake. Basi. Fedha haivutwi, ni kweli. Shaba nyekundu nayo haivutwi. Shaba ya njano haivutwi, risasi haivutwi, bati halivutwi, zinki haivutwi, alumini haivutwi. Hata ukichanganya shaba robo tatu na nikeli robo, sumaku haishiki, ingawa nikeli ikiwa peke yake inashikwa. Usiniamini mimi. Tafuta shilingi ya Tanzania ya 1966, yenye sura ya Mwalimu Nyerere, uisogezee sumaku ya spika mbovu. Haitatikisika, na haina hata chembe ya fedha. Au chukua shilingi mbili za Afrika Mashariki zenye simba, moja ya 1924 na nyingine ya 1949. Ya kwanza ina fedha robo nzima, ya pili haina kabisa. Mbele ya sumaku ni mapacha.

Sasa jiulize mghushi anatumia nini. Yule mzembe hutumia chuma, akakichovya, na huyo sumaku itamnasa. Hiyo ndiyo faida yake pekee: sarafu ikishikwa, ni bandia, mazungumzo yamekwisha. Lakini mghushi anayeijua kazi yake hutumia shaba ya njano au shaba na nikeli, kisha huchovya fedha juu. Huyo ndiye atakayekurekodia video kwa furaha, maana anajua utaitaka. Kipimo ambacho mwizi anakushauri ukitumie kinastahili kukutia shaka kabla hajakitumia.

Wapo wanaobisha kwamba yao si sumaku ya spika, ni ile kali iliyotolewa kwenye diski ya kompyuta, na kwamba ikiteleza polepole juu ya sarafu iliyoinamishwa, hapo kuna fedha. Kinachoipunguzia kasi ni umeme unaojizungusha ndani ya metali inayopitisha umeme vizuri. Shaba nyekundu hupitisha umeme karibu sawa na fedha, kwa hiyo sumaku itateleza polepole vilevile. Kipande cha barafu kinachoyeyuka upesi juu ya sarafu ni habari ileile, ila badala ya umeme weka joto.

Tuseme basi umethibitisha kuwa ni fedha. Hujathibitisha kuwa ni sarafu. Riyali ya Barghash ni adimu, na bei yake iko mbali mno na thamani ya fedha iliyomo. Mghushi anaweza kununua fedha halisi, akatengeneza riyali mpya, akabaki na faida nono. Kila kipimo cha metali kitamsafisha.

Reale ya Maria Theresa inakupiga kwa upande wa pili. Malkia huyo wa Austria alifariki Novemba 1780, lakini sarafu yake ikaendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule, kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu walikuwa wameizoea. Roma iliipiga kuanzia 1935, Mussolini alipokuwa akijiandaa kuivamia Uhabeshi. London ikafuata mwaka uliofuata, na Bombay ikaingia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vienna inaipiga hadi leo. Kwa hiyo unaweza kuuziwa fedha halali, sarafu halali, na bado ukawa umelipa mara tano ya bei yake kwa sababu tangazo limesema "ina zaidi ya miaka 240". Ile ya kawaida bei yake haipandi mbali na thamani ya fedha yake. Sumaku gani itakwambia hilo?

Kinachopima ni mizani. Reale ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28.07 na fedha sehemu 833 kwa 1,000. Iliyochakaa hupungua kidogo, lakini ikikosa gramu tatu, ina maelezo ya kutoa. Nunua mizani ndogo ya masonara, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Weka juu yake kikombe cha maji, uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uining'inize ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Reale halali itasoma karibu 2.75. Ya shaba ya njano yenye uzito huohuo itasoma karibu 3.3. Rupia ya Mjerumani, yenye gramu 11.66 na fedha 917 kwa 1,000, itasoma karibu 1.13. Kisha geuza ukingo. Ukingo wa reale una maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka, na mapambo katikati yake. Ukiona mshono unaozunguka ukingo, sarafu hiyo ilimiminwa kwenye kalibu.

Lakini hayo yote yanahitaji sarafu mkononi, nawe uko Dodoma, sarafu iko kwenye droo ya mtu. Kwa hiyo haraka haraka: dai picha ya pande zote mbili na ya ukingo, na picha ya sarafu hiyohiyo ikiwa juu ya mizani. Linganisha uzito na kipenyo na vilivyoandikwa kwenye katalogi. Ile ya mtandaoni ya Numista ni bure. Tazama bei ambazo sarafu kama hiyo iliuzwa, usitazame bei zinazoombwa. Ikiwa ndani ya kasha la wathibitishaji wa sarafu NGC au PCGS, hakiki namba yake kwenye tovuti yao na ulinganishe picha, maana makasha nayo hughushiwa. Sarafu ing'aayo kama sufuria mpya imesuguliwa. Punguza bei au iache. Jumlisha ada ya mnunuzi, ambayo kwenye nyumba nyingi za mnada hufika asilimia 20 au zaidi, pamoja na usafirishaji na ushuru wa forodha, kisha ndipo upange dau lako la mwisho, ukishalipanga usiliguse. Lipa ndani ya mfumo wa mnada wenyewe. Anayekwambia "njoo WhatsApp tumalizane" anakutoa mahali ambapo ungeweza kudai pesa zako. Nunua palipo na haki ya kurudisha, na sarafu ikifika, ipime siku hiyohiyo, kabla muda wa kurudisha haujaisha. Riyali ya Barghash usinunue kwa mtu usiyemfahamu, kwa bei yoyote.

Muuzaji akikataa kuiweka sarafu juu ya mizani na kuipiga picha, acha mnada ufungwe bila wewe. Reale za Maria Theresa zilipigwa kwa mamilioni mengi, na nyingine itauzwa kesho.