Mto Tana (Sehemu ya 3): Meli ya Dundas, Hirola na Boti za Kona Punda

Tangu boti iliyojaa abiria ipinduke Kona Punda, Aprili 28, 2024, na kuua watu waliotaka kuvuka mafuriko tu, ukitaja utalii wa majini hapa Garissa utatazamwa kama mtu aliyepiga vigelegele matangani. Nitautaja hata hivyo. Mabwawa na mafuriko tuliyamaliza katika sehemu mbili zilizopita. Leo ni zamu ya vyombo.

Mwaka 1891 Kamanda F. G. Dundas, mwanamaji Mwingereza aliyeitumikia Kampuni ya Imperial British East Africa, aliupanda Tana kwa meli ya mvuke iliyoitwa Kenia. Ilisukumwa na gurudumu kubwa lililofungwa nyuma, muundo unaofaa mto wenye maji machache na mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu. Ilifika Hameye, juu kabisa kupita ulipo mji wetu. Mwaka uliofuata Dundas aliiingiza meli hiyohiyo Mto Juba mpaka Bardera. Huko ndiko ilikovunjikia Welf, meli ya mpelelezi Mjerumani Baron von der Decken, mwaka 1865. Baron mwenyewe aliuawa Bardera. Wazungu hao walikuja na mashine. Wapokomo na Wamunyoyaya walikuwa wakipita mto wao kwa mtumbwi na upondo, na wangali wanapita.

Miaka mitatu kabla ya Dundas, mwindaji H. C. V. Hunter alikuwa amekutana na swala aitwaye hirola kwenye nyika za Tana. Mwaka 1889 mtaalamu wa wanyama Sclater wa London akamwandika mnyama huyo kwa jina la Hunter. Wafugaji waliokuwa wakichunga naye vizazi kwa vizazi hawakuulizwa.

Naomba msomaji anivumilie hapa, maana hirola ndiye ugonjwa wangu. Hifadhi ya Arawale ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili yake, kisha ikaachwa. Mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilipoanza kuwahamishia hirola Tsavo, wananchi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi wakapata amri ya kusimamisha kazi hiyo. Wafugaji, watu wanaosingiziwa kila siku kuwa maadui wa wanyamapori, walishtaki ili mnyama abaki kwao! Mashuleni mwetu kisa hiki hakifundishwi, na ni aibu. Watu haohao waliunda hifadhi ya jamii ya Ishaqbini huko Ijara, na mwaka 2012 hirola 48 wakaingizwa ndani ya ua wa kuwakinga na simba na fisi. Waliosalia porini duniani kote hawafiki 500.

Kusema kweli, hirola humwoni ukiwa botini; yeye ni wa nyika. Lakini Ishaqbini inapakana na mto, na misitu ya kingo za Tana ya chini ina mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana, kima wa aina mbili wasiopatikana porini mahali pengine popote. Hapo nahodha anayejua kusoma maji angempitisha mgeni taratibu, mbali na viboko, amwonyeshe mamba kwenye fungu la mchanga, kisha amshushe akaone hirola.

Tatizo ni kwamba tunaukumbuka mto ukishatukatia barabara ya Mororo. Hapo kila mwenye chombo hugeuka nahodha, na tamaa ya nauli hupakia watu kupita kiasi. Mgeni hatapanda boti ambayo mwenyeji anaiogopa.

Kwa hiyo kaunti za Garissa na Tana River zikae na Mamlaka ya Ubaharia ya Kenya (KMA), zikague kila chombo, zidai jaketi la kuelea kwa kila abiria, na leseni za kwanza za utalii ziwafikie Wapokomo na Wamunyoyaya, si matajiri wa Nairobi. Kazi hizo zianze kiangazi, maji yakiwa yametulia.

Sehemu ya 4 itahusu mfereji wa Belezoni, uliouelekeza Tana Kipini.