Ganda Lirukapo: Jinsi Kasi ya Vipande vya Bomu Inavyopimwa

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Bomu linapolipuka, masikio hushughulika na mvumo, ilhali hatari inayofika mbali zaidi aghalabu ni ile isiyosikika: vipande vya chuma vilivyokuwa ganda la bomu lenyewe. Swali linaloibuka ni hili: vipande hivyo hupata kasi kiasi gani, na mwanadamu huijuaje kasi ya kitu ambacho jicho halikioni kikipita? Makala haya yanalenga kulijibu swali hilo kwa Kiswahili, lugha ambayo baadhi ya watu bado wanadai kuwa haiimudu sayansi.

Ni vyema kwanza kutofautisha istilahi mbili. Kasi ni umbali unaosafiriwa katika muda fulani. Mchapuko ni jinsi kasi hiyo inavyoongezeka. Ganda la bomu huanza likiwa limetulia. Kilipuzi kilichomo ndani kikigeuka kuwa gesi yenye joto na kani kubwa, gesi hiyo hulisukuma ganda kwa nje. Ganda hutanuka, hupasuka na kuwa vipande, kisha gesi huvuja katika nyufa. Kuanzia hapo msukumo hupungua upesi. Safari yote ya mchapuko humalizika katika sehemu ndogo mno ya sekunde.

Juhudi za kupima kasi za aina hii zina historia ndefu. Mnamo mwaka wa 1742, Mwingereza Benjamin Robins alieleza chombo kilichofanana na bembea: pande zito la mbao lililoning'inizwa, likapigwa risasi. Kadiri lilivyoyumba ndivyo kasi ya risasi ilivyokadiriwa. Hata hivyo, risasi ni moja na huelekea upande mmja tu, ilhali ganda la bomu hutawanyika pande zote. Isitoshe, bembea huonyesha kasi wakati wa kugonga. Haionyeshi jinsi kasi hiyo ilivyojengeka.

Hatua kubwa ilipigwa mwaka wa 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwanafizikia Ronald Gurney, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kijeshi ya Aberdeen nchini Marekani, alilitazama suala hili kama mgawanyo wa mali. Kilipuzi kina akiba ya nishati. Sehemu ya akiba hiyo hutumika kulirusha ganda, na sehemu nyingine huisukuma gesi yenyewe. Kwa hivyo, ukijua uwiano baina ya tungamo la ganda na tungamo la kilipuzi, unaweza kukadiria kasi ya awali ya vipande. Ganda zito kwa kilipuzi kidogo huenda polepole. Ganda jepesi kwa kilipuzi kingi huenda mbio. Kwa vilipuzi vingi vya kijeshi, kipimo kilichopewa jina la Gurney huwa kati ya kilomita 2 na 3 kwa sekunde.

Nadharia haikosi kuhitaji ushahidi. Katika miaka ya 1960, watafiti wa maabara ya Livermore, jimboni California, waliendeleza jaribio la silinda. Bomba la shaba nyekundu hujazwa kilipuzi kisha huwashwa upande mmoja. Shaba huteuliwa kwa sababu hunyumbuka sana kabla ya kupasuka, hivyo mtazamaji hupata muda wa kuufuatilia mchapuko wake. Mlipuko unapopita ndani, bomba hutanuka mithili ya ua linalochanua. Kamera yenye kioo kizungukacho kwa kasi kubwa huutazama ukingo wa bomba kupitia upenyo mwembamba na kuutandaza mwendo wake kwenye filamu. Mstari unaochorwa huonyesha mahali ukuta ulipokuwa kila wakati.

Siku hizi miali ya leza pia hutumika. Mwali huelekezwa kwenye ukuta wa bomba na kurudi ukiwa umebadilika marudio yake, kama vile mlio wa honi unavyobadilika gari likipita. Badiliko hilo, ambalo msingi wake ulielezwa na Christian Doppler mwaka wa 1842, hudhihirisha kasi moja kwa moja.

Je, elimu hii ina manufaa gani kwa raia asiyehusika na vita? Kasi ya awali ndiyo mwanzo wa kukadiria vipande vitafika wapi kabla ya hewa kuvipunguza mwendo, na kwa hivyo ni umbali gani unaofaa kutenganisha ghala la silaha na makazi. Mnamo Aprili 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala, jijini Dar es Salaam, na mnamo Februari 2011 mengine yakalipuka Gongo la Mboto, jijini humo humo. Katika kila mkasa watu zaidi ya 20 walifariki.

Waliokimbia siku hizo walikuwa wasemaji wa Kiswahili. Iwapo istilahi kama mchapuko, tungamo na umbali salama zitabaki katika kamusi na makongamano, mkazi wa jirani na ghala hatakuwa na maneno ya kuuliza kwa nini nyumba yake iko pale ilipo. Ukuzaji wa istilahi, basi, si pambo la lugha. Ni kumpa mwananchi uwezo wa kuuliza kabla ya kishindo.