Simba wa Witu, Sayyid wa Unguja na mto uliohama

Ukipanda basi Garsen kwenda Lamu, Witu huwa haichukui hata dakika kumi. Miembe, maduka ya kandokando ya barabara, bodaboda zimejipanga kivulini, kisha miti inarudi tena. Abiria wengi wakati huo wamesinzia. Hapa palikuwa na sultani. Hapa palikuwa himaya ya Ujerumani. Na ugomvi wa mipaka baina ya mji huu na Unguja ulifika kwa Bismarck, ukapelekwa Brussels kuamuliwa, kisha ukamalizwa katika biashara iliyohusu kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini huko Ulaya.

Mwenye mji alikuwa Ahmed bin Fumo Luti, ambaye watu walimwita Simba. Alikuwa Mnabahani, wa ukoo uliotawala Pate kwa karne nyingi, na ambao habari zake tumezipata kwa mapana kutoka kwa mmoja wao, Bwana Kitini, aliyezisimulia mwanzoni mwa karne ya 20. Pate ilipoelemewa na nguvu za Unguja, Simba alivuka bara. Alikaa Kau, kwenye Mto Ozi, akafukuzwa, na katika miaka ya 1860 akajichimbia Witu, ndani ya msitu ambao askari wa Sayyid Majid, mtawala wa Unguja, hawakuupenda hata kidogo. Mji ulizungukwa na boma la magogo, na njia za kuufikia zilikuwa nyembamba kiasi cha kuwalazimisha watu waende mmoja mmoja.

Kilichoikuza Witu ni watoro. Mtumwa aliyechoka na jembe la shamba la Lamu au la mwambao alijua kwamba akifika Witu salama, hatarudishwa. Simba aliwapokea, akawapa ardhi, nao wakamlipa kwa bunduki na mundu. Kwa hiyo tusimfanye Simba kuwa mkombozi. Witu yenyewe ilikuwa na watumwa wake. Ila kila mtoro aliyeingia kwake alikuwa hasara kwa tajiri fulani aliye raia wa Sayyid, na hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Ramani ilikuja baadaye.

Inafaa kukumbuka kwamba kabla ya mwaka 1885 hakuna aliyekuwa na ramani ya mpaka huo. Utawala wa Unguja barani ulikuwa ni bendera nyekundu, liwali, askari wachache wa Kibaluchi au wa Kihadhrami, na forodha. Penye forodha pana Sayyid. Ukienda mbele zaidi, utawala ulikuwa wa kujuana: zawadi, barua, ndoa, na karadha za wafanyabiashara wa Kihindi. Mfumo huo ulifanya kazi vizuri sana mpaka alipotokea mtu wa kuuliza unaanzia wapi na unaishia wapi.

Simba mwenyewe ndiye aliyemwita mtu huyo. Tangu mwaka 1867, msafiri wa Kijerumani Richard Brenner alipofika Witu, Simba aliomba ulinzi wa Prussia. Berlin haikujibu. Aliendelea kungoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo alivyofikiri, na ukiangalia mahali alipokuwa, huwezi kumlaumu: jirani yake alikuwa na jeshi, manowari na balozi wa Kiingereza wa kumshauri, yeye alikuwa na msitu.

Mwaka 1885 majibu yakaja. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wanaufahamu Mto Tana kwa safari zao za awali. Tarehe 8 Aprili walinunua ardhi kwa Simba, na tarehe 27 Mei Ujerumani ikatangaza Witu kuwa himaya yake. Sayyid Barghash, aliyemrithi Majid, alikuwa bado hajatulia na habari ya Mjerumani mwingine, Carl Peters, aliyekuwa amekusanya mikataba ya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami na kupewa hati ya ulinzi na Kaiser. Alikuwa amekwisha kumpelekea Kaiser malalamiko kwa simu ya waya, kwamba nchi hizo ni zake. Sasa na Witu! Akatuma askari waende wakamnyamazishe Simba.

Tarehe 7 Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba la Sayyid. Watu wa Forodhani wangeweza kuhesabu midomo ya mizinga. Na katika msafara huo, ndani ya meli *Adler*, alikuwamo mwanamke mmoja ambaye Unguja ilimjua: Sayyida Salme binti Said, dada yake Barghash, aliyetoroka mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani, na sasa akiitwa Emily Ruete. Alirudi kudai urithi wake. Bismarck alikuwa na matumizi mengine naye. Mizinga ilitosha kumtisha mfalme. Dada mtu ndani ya meli ya adui ilikuwa ni fedheha ya nyumbani, mbele ya macho ya mji mzima. Baada ya siku chache Barghash alikubali kutambua himaya ya Witu na zile nchi za Peters. Lakini hakumpokea dada yake, na haja ya Berlin kwa Salme ikaisha hapo hapo.

Barghash alikuwa na rafiki wa kumtegemea, John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja miaka mingi na ambaye ndiye aliyemhimiza kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Lakini London wakati huo ilimhitaji Bismarck kwa mambo ya Misri. Kirk aliagizwa asimzuie Mjerumani, na akatii. Mwaka uliofuata aliondoka Unguja.

Ndipo ikaundwa tume ya kupima nchi ya Sayyid. Uingereza ilimtuma Kitchener, yule ambaye baadaye angekuwa jemadari wa Sudan. Ujerumani ikamtuma Dk. Schmidt, Ufaransa ikamtuma Patrimonio. Sayyid mwenyewe hakupewa kiti. Walisafiri kwa meli bandari baada ya bandari, wakitafuta ushahidi: liwali yuko? Askari wangapi? Ushuru unalipwa kwa nani? Mjerumani alishikilia kwamba utawala uko pale tu penye askari na bendera, na ukitoka mjini hakuna kitu. Mwingereza alitaka kuingia ndani zaidi. Na kwa kuwa kilichoandikwa kilipaswa kukubaliwa na wote watatu, kila palipokuwa na shaka Sayyid alipoteza. Liwali wa mji mmoja hakuhesabiwa kuwa ushahidi wa njia inayouunganisha mji huo na mwingine. Karadha, zawadi na ujirani havikuwa na mahali pa kuandikwa.

Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1886 London na Berlin zikakubaliana. Unguja, Pemba, Mafia na Lamu ni za Sayyid, pamoja na ukanda wa mwambao wa upana wa maili 10 za baharini, yaani kama kilomita 18 na nusu, kutoka Mto Minengani kusini hadi Kipini. Huko kaskazini akaachiwa miji kama Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu. Barghash akakubali mwezi Desemba. Mapema mwaka 1887 Wareno, ambao nao walikuwa wanangojea tu, wakaipiga mizinga Tungi, kusini kabisa mwa ukanda huo, na kuichukua. Mfalme aliyepimwa na wenye nguvu huwa amewaonyesha na wanyonge mahali pa kugusa.

Witu ilipewa pwani, kutoka Kipini hadi mwisho wa kaskazini wa ghuba ya Manda. Tazama maana yake kwa mtu wa kawaida. Mwenyeji wa Lamu, ambaye kisiwa chake ni mchanga na ambaye mashamba yake tangu zama za mababu yapo ng'ambo, sasa akivuka mlango wa bahari kwa mashua kwenda kulima anaingia nchi nyingine. Asubuhi yuko kwa Sayyid, adhuhuri yuko kwa Simba. Akirudi na mtama wake, nani amtoze?

Swali hilo la ushuru lilikaa miaka minne. Simba alikwisha kufariki, na Fumo Bakari akarithi. Kampuni ya Kijerumani ya Witu na kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ziligombania forodha ya Lamu, hata ikabidi kesi iende kwa Baron Lambermont wa Ubelgiji, aliyeamua tarehe 17 Agosti 1889 kwamba Sayyid ana uhuru wa kumpa amtakaye. Fumo Bakari naye akaweka kituo cha ushuru kwenye mfereji wa Belezoni, uliochimbwa kwa mikono kuunganisha Tana na Ozi, na Waingereza wakamtaka akiondoe.

Halafu, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani ikaikabidhi Witu kwa Uingereza na kuipokea Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, miongoni mwa mambo mengine. Hakuna aliyemuuliza Fumo Bakari. Miaka 23 tangu baba wa Witu aombe ulinzi wa Mjerumani, Mjerumani akaondoka kimya kimya.

Mwezi Septemba mwekezaji wa Kijerumani, Andreas Küntzel, aligombana na walinzi wa lango la mji, akampiga risasi mmoja wao, naye na wenzake wakauawa. Waingereza walitaka watu wakabidhiwe, Fumo Bakari hakuwakabidhi. Oktoba, Admiral Fremantle akaingia msituni na mabaharia wake, akauchoma mji. Fumo Bakari akafa mwaka 1891 akiwa mtoro katika msitu uliowaficha watoro wa Simba. Mapigano yaliendelea kwa miaka mingine, na mwaka 1895 Witu ikamezwa ndani ya himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza.

Ukanda wa Barghash uliishi zaidi. Sehemu ya kusini aliinunua Mjerumani mwaka 1890 kwa marki milioni 4. Sehemu ya kaskazini ilikodishwa Uingereza mwaka 1895 kwa pauni 11,000 kwa mwaka, na haikukubaliwa kuwa mali ya Kenya mpaka Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Mohammed Shamte, walipotia saini. Mahakama za kadhi za Kenya zina asili yake katika ahadi za wakati huo.

Mkataba wa 1886 ulisema pia kwamba mpaka wa kaskazini wa eneo la Waingereza uanzie mlango wa Mto Tana. Mto wa siku hizo ulikuwa ukiingia baharini kusini ya Kipini. Mafuriko yakapata njia kwenye mfereji wa Belezoni, yakaupanua, na mto ukaufuata mfereji hadi ukajiunga na Ozi. Leo Tana inamwaga maji yake Kipini.