Si Mfumo Peke Yake Uangukao

Wako wasemao kwamba mifumo huria ya kompyuta, yaani ile ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma na kuyarekebisha, haina uthabiti. Wako pia waapao kwamba hapana mfumo ulio imara kuishinda. Yamkini wote wasema kweli, maana hawakuitumia katika mashine za namna moja.

Tuutazame Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizomo katika orodha ya zile zenye nguvu kuliko zote duniani zaendeshwa kwa Linux, nazo hufanya kazi usiku na mchana. Lakini mfumo huo huo ukiwekwa katika kompyuta mpakato iliyotoka dukani jana, huenda ukaifunika ilale, nayo ukiifunua isiamke. FreeBSD nao ni vivyo hivyo: mashine za Netflix zipelekazo filamu kwa mamilioni ya watazamaji huutegemea, ilhali mtu na mpakato wake aweza kuhangaika nao siku nzima akitafuta intaneti isiyo na waya.

Kosa ni la nani basi? Kila kipande cha kompyuta chahitaji programu ndogo ya kukiongoza. Mtengenezaji akificha habari za kipande chake, waandishi wa mfumo huria hawana budi kupapasa gizani. Intel imeshiriki siku nyingi kuandika programu huria za kuongoza kadi zake za picha. Nvidia ilianza kufungua sehemu ya zake Mei 2022 tu, baada ya malalamiko ya miaka mingi. Kwa hiyo kompyuta ya ofisini iliyokwisha kutumika miaka mitatu mara nyingi hutulia kuliko mpya ya fahari, kwa kuwa vipande vyake vimekwisha kujulikana.

Tena kuna ubovu usiohusu mfumo hata kidogo. Katika ofisi moja niijuayo, kompyuta iliganda kila mwisho wa mwezi, mishahara ikachelewa, na karani akalaumiwa, kisha Linux ikalaumiwa. Kumbe kipande cha kumbukumbu kilikuwa kibovu! Kompyuta kubwa za kuhudumia nyingine huwa na kumbukumbu iwezayo kusahihisha makosa yake madogo. Za mezani kwa kawaida hazina. Memtest86+, programu huria isiyo na bei, ikiachwa usiku mmoja tu kuipima mashine ile, ingaliweza kuufichua ubovu kabla karani yule hajaandikiwa barua ya onyo.