Chenga za Mahindi na Maji Yaliyong'ang'ania

Mama yangu alipika buura, pombe yetu ya kienyeji, kijijini Gehandu kwa miaka mingi, na siku ya mnada wateja walijaa uani kabla jua halijapanda. Jirani yetu alikuwa akinunua masalia, anayachemsha kwenye chungu, anapitisha mvuke kwenye bomba lililozamishwa katika maji ya baridi, anapata gongo. Kisha aliichuja kwa mkaa uliopondwa na kufungwa kwenye kitambaa. "Mkaa unaondoa sumu, mwanangu," aliniambia. Nilimwamini.

Sasa ninafundisha kemia sekondari, na kila mwaka huwa narudi kwenye kile kitambaa chake. Mzee yule alipatia jambo moja kubwa na kukosea jingine linaloua.

Alipatia kwamba mkaa hunasa vitu. Mfamasia Tobias Lowitz aliligundua hilo mjini St Petersburg mwaka 1785, akautumia mkaa kusafisha pombe ya nafaka. Mkaa haunywi kimiminika kama sifongo. Uchafu hunata juu ya kuta za vitundu vyake. Ule uliochomwa upya kwa mvuke mkali una vitundu vingi mno: gramu moja inaweza kuwa na eneo la mita za mraba 1,000 hivi. Gramu nne tu, ukizikunjua, zinafunika karibu ekari nzima. Ndiyo maana harufu mbaya na mafuta mazito ya pombe hukwama humo.

Lakini methanoli, ambayo ndiyo sumu yenyewe, haikwami. Molekuli yake ni ndogo, na tabia yake inakaribiana sana na ile ya ethanoli, kilevi chenyewe, basi zote mbili hupita pamoja. Buura na nafaka zetu huzaa methanoli kidogo sana. Balaa huja pale mfanyabiashara anapoongeza methanoli ya viwandani ili kinywaji kikolee. Kenya, Mei 2014, watu zaidi ya 80 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Katika ukoo wetu pia yupo mtu anayetembea kwa kushikwa mkono. Pombe aliyokunywa ilikuwa safi kama maji ya chemchemi, na alikuwa ameambiwa imechujwa.

Maji nayo yana ukaidi wa aina yake. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, kwa hiyo ungedhani moto peke yake utayatenganisha. Unayatenganisha, ndiyo, hadi ethanoli ifike karibu asilimia 95.6 kwa uzito. Hapo mvuke unaopanda una maji kwa uwiano uleule wa kimiminika kilichobaki chunguni, na ukichemsha hadi usiku wa manane hupati zaidi. Kwa kusafishia kidonda hiyo inatosha kabisa, tena hupunguzwa kwa maji. Kwa kuchanganya na petroli haitoshi: maji yakizidi, mafuta na pombe hutengana ndani ya tangi. Zamani viwanda vingi viliyafukuza maji hayo kwa benzini, kemikali inayosababisha saratani.

Siku hizi vinatumia zeolaiti. Ni punje za madini zenye milango ya nanomita 0.3. Molekuli ya maji, yenye upana wa kama 0.28, inaingia, ya ethanoli, yenye 0.44 hivi, inabaki nje. Wanafunzi wangu huwa nawawekea punje chache kwenye kikombe cha bati, nadondoshea maji, nawaambia waguse nje. Huondoa mkono haraka, maana maji yanaponaswa hutoa joto. Msweden Axel Cronstedt ndiye aliyeyaita madini haya mawe yanayochemka, mwaka 1756. Nayo si mageni kwetu: mtaalamu wa miamba Richard Hay aliyachunguza Olduvai, ambako majivu ya volkano yalikutana na maji ya magadi na kugeuka zeolaiti. Sisi tunaoishi tukitazama Mlima Hanang tunajua majivu ya volkano ni nini.

Linalonigusa zaidi ni mahindi. Mwaka 1979 Michael Ladisch na Karen Dyck, wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza kwamba mvuke wa ethanoli ukipitishwa kwenye mahindi makavu, wanga hushika maji na kuiacha pombe iende zake. Mahindi yakishalowa, hukaushwa kwa hewa ya moto na kutumika tena.

Nililijaribu jambo hilo maabara, kwa chenga kutoka mashine ya Gehandu nilizozikausha vizuri, nikazijaza kwenye mrija wa kioo na kuupasha mrija huo kwa maji ya moto, mbali na mwali wowote. Mwisho wa mrija niliweka kopa salfeti iliyokaushwa, unga mweupe unaogeuka bluu ukiguswa na maji. Spiriti ya kawaida iliugeuza bluu papo hapo. Iliyopita kwenye chenga iliuacha mweupe kwa muda mrefu, kisha bluu hafifu ikaanza kuingia pembeni.

Nilirudi nyumbani na chenga zile kwenye kopo. Mama alizimimina kiganjani, akazinusa, akazibonyeza kwa kidole gumba. "Zimelowa," akasema. Akaenda kuzianika juu ya bati.