Anayeketi Mbele Ajiandae Kutaniwa

Kiti kilicho karibu na jukwaa kina heshima yake na kina kodi yake. Heshima ni kwamba aketiye hapo huliona jasho la mchekeshaji, huziona nyusi zake zikipanda na kushuka, na hulisikia hata neno linalosemwa kwa mnong'ono. Kodi ni kwamba yeye ndiye atakayetaniwa kwanza. Mchekeshaji hamwoni vema aliye nyuma gizani. Humshika aliye mbele yake, akaanzia kwenye kofia yake, kitambi chake, au usingizi wake.

Katika miji ya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, jambo hili lina uzito kupita kicheko. Kama ilivyo desturi ya hadhara nyingi, viti vya mbele huwekewa wakubwa: viongozi, maafisa wa jeshi na polisi, na aila zao. Hivyo anayetaniwa ni mtu ambaye siku zote hutoa amri, na wanaomtazama ni mkewe, watoto wake na walio chini yake.

Mchekeshaji wa mwambao hana haja ya kwenda mbali kutafuta maneno. Rumonge husikika Kirundi na Kiswahili, na shuleni Kifaransa. Samaki aitwaye mukeke hapo, ng'ambo ya Kigoma huitwa mgebuka. Ndagala wa Rumonge ndio dagaa wa Kigoma. Ziwa ni moja na samaki ni yule yule, lakini wavuvi wawili waweza kubishana usiku kucha ni nani ajuaye jina lake. Mzaha kama huo haumuumizi mtu, maana kila upande hupata zamu yake.

Lakini iko mizaha ya namna nyingine. Machafuko ya tarehe 29 Aprili 1972 yalizuka mwambaoni hapa hapa, na mauaji yaliyofuata yakaenea nchini na kuwafukuza watu wengi hadi Tanzania, katika makazi kama Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kuanzia mwaka 2008 zaidi ya watu 50,000 miongoni mwa wakimbizi hao na wana wao walirejea Burundi. Wengi walikuwa wamezaliwa ugenini na kukulia katika Kiswahili. Na wengine, Rumonge na Nyanza-Lac, walikuta mashamba ya wazee wao yakilimwa na watu wengine. Ukumbini, aliyerudi na aliyemkuta shambani waweza kuketi safu moja. Neno moja la kejeli juu ya lafudhi ya mtu au juu ya shamba laweza kugeuza kicheko kuwa kilio. Wahenga hawakukosea waliposema: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Je, mchekeshaji anyamaze? La. Watani wa Tanzania hutaniana hata msibani, wala hakuna anayekasirika, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba mwenzake yuko pamoja naye katika majonzi. Huo ndio msingi wa utani: kwanza udugu, kisha neno. Katika miaka ya vita, mwaka 1997, Studio Ijambo ya Burundi ilianza kurusha mchezo wa redio uitwao Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, juu ya majirani Wahutu na Watutsi. Watu waliokuwa wakiogopana waliusikiliza mchezo mmoja.

Kwa hiyo mchekeshaji stadi hujitania yeye mwenyewe kwanza, kisha humtania mwenye nguvu, na kidonda cha mnyonge hakigusi. Naye mwenye nguvu ana wajibu wake. Askari asidhani kwamba jukwaa ni jambo la watu wengine: marehemu Kapteni John Komba, aliyeongoza kundi la Tanzania One Theatre lililoanzishwa mwaka 1992, alitoka katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Afisa atakayecheka anapotaniwa hapunguziwi cheo. Watoto wake hujifunza hapo kwamba nguvu haihitaji kukasirika, na raia aliye nyuma hupungukiwa na hofu. Akinuna, ukumbi mzima hunyamaza, na watu hurudi majumbani wakiwa na hofu ile ile waliyokuja nayo.

Basi mama na baba, mkienda kwenye vichekesho, waelezeni watoto mapema kwamba huenda baba akataniwa. Zimeni simu, kwani kipande cha mzaha kikikatwa na kusambazwa bila mwanzo wake huweza kuonekana tusi. Aliye na jambo linalomuuma aketi katikati, wala si aibu. Na mchekeshaji akiwa mwana wa mji wenu, msisahau kumpa chochote: mcheza kwao hutunzwa.