Nairobi Gallery: Makavazi Yaliyo Jirani na Nyayo House

Wakaazi wengi hulipita jengo hili wakienda Nyayo House kushughulikia pasipoti, wasijue kuwa ni makavazi yaliyo wazi kwa umma. Ni lile jengo la kale la mawe kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Foleni ikiwa ndefu, ingia.

Lilijengwa mwaka wa 1913, na wengi walilifahamu kama ofisi ya zamani ya PC. Vizazi, ndoa na vifo vilisajiliwa humo, kwa hivyo huenda jina la babu au nyanya yako liliwahi kuandikwa ndani ya kuta hizo. Hapo pia ndipo umbali wa kutoka Nairobi hadi miji mingine ulianza kupimwa.

Kilichomo leo ni sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, na mkewe Sheila: stempu, shanga, vito, vitambaa na kazi za sanaa kutoka pembe nyingi za Afrika. Murumbi, ambaye mama yake alikuwa Mmaasai na baba Mgoa, alianza kununua vitabu na vitu vya Kiafrika alipokuwa uhamishoni London katika miaka ya 1950. Aliviona vikiuzwa huko kama bidhaa ya kawaida, akaamua kuvirudisha nyumbani. Mwaka wa 1966 aliacha siasa, na mapema miaka ya 1970 akashirikiana na Alan Donovan kuanzisha African Heritage.

Katika muongo huohuo aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na vitu vyake, akitarajia iwe taasisi ya utafiti. Haikuwa hivyo. Nyumba iliachwa ikachakaa, hatimaye ikabomolewa. Vitu tunavyoviona leo ni vile vilivyonusurika, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kwenda kuvitazama taratibu badala ya kupita mbio. Anza na shanga. Watoto huzipenda, na wazee wengi wana la kusimulia kuzihusu.

Nairobi Gallery iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, si Serikali ya Kaunti. Thibitisha saa za kufunguliwa na ada kwao kabla ya kufunga safari. Raia hulipa chini ya wageni, kwa hivyo beba kitambulisho. Walimu wanaoleta wanafunzi wapange mapema, kwa maana vyumba si vikubwa.

Atakayetaka kuona zaidi atembee hadi Kenya National Archives, Moi Avenue, ambako ukumbi wa ghorofa ya chini una jina la Murumbi na vitu vyake vingine vingi, vinyago vikiwemo. Kaburi lake liko City Park, karibu na la rafiki yake Pio Gama Pinto.